Bomba, bumu la GPS, kamera au droni: njia ipi ya kulenga magugu inalifaa shamba lako la nafaka?

Vibarua wa palizi hawapatikani pale kijiji kizima kinapowahitaji wiki moja, dawa ya magugu inakula sehemu kubwa ya bajeti ya msimu, na masika hayamsubiri mtu. Ndiyo maana wakulima wa ngano, shayiri na mahindi huku kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Karatu na Monduli hadi Siha, wanauliza habari za upuliziaji wa kulenga: dawa iende pale penye gugu, udongo mtupu na zao safi viachwe. Wazo ni zuri na linafanya kazi. Kazi iko kwenye kuchagua kifaa, kwa sababu kila muuzaji huja na jibu la kifaa chake.

Nalinganisha hapa njia nne: bomba la mgongoni linalotumiwa kwa kuchagua; bumu la trekta (mkono mrefu wenye nozeli, yaani vitundu vya kutolea dawa) lenye GPS na vali za kufunga vipande vya mkono huo; bumu lenye kamera au vihisi; na droni. Usizichukulie kama madaraja ya kupanda kutoka duni kwenda bora. Kuna shamba la ekari 300 ambalo kwa kazi fulani bomba la mgongoni ndilo linalofaa, na kuna shamba la ekari nane ambalo droni ya kukodi inamfaa mwenyewe kuliko kingine chochote.

Vigezo: anza na shamba, kifaa baadaye

Kigezo cha kwanza, na kwa maoni yangu ndicho kinachobeba uamuzi wote, ni kiasi gani cha shamba kina magugu. Hakikadiriwi ukiwa umesimama barabarani. Kunja waya uwe mraba wa mita moja kwa mita moja. Tembea shambani kwa zigizagi, na kila baada ya hatua hamsini hivi tupa mraba huo bila kuchagua pa kuutupa. Andika kama ndani yake kuna gugu au hakuna, na ni gugu gani. Rudia mara thelathini. Kama miraba yenye magugu ni chini ya theluthi, kulenga kutakulipa. Ikizidi theluthi mbili, kifaa cha bei yoyote ile kitafungua nozeli karibu muda wote, na utakuwa umenunua teknolojia ya kulenga ili upulizie shamba zima. Katikati ya hapo ni suala la hesabu, na hesabu yenyewe nitaionyesha mbele.

Cha pili ni wakati. Kupiga dawa kabla ya kupanda, pale ambapo kila kilicho kijani ni adui, ni kazi rahisi kwa mashine. Kupiga dawa ndani ya zao, kijani juu ya kijani, ni kazi nyingine kabisa. Mahindi yanateseka zaidi kwa magugu katika wiki sita za mwanzo hivi. Ngano inapigwa 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana, ikiwa imeanza kuchipua machipukizi, na lazima umalize kabla shina halijaanza kurefuka. Dirisha hilo ni finyu, na mvua inaweza kulifinya zaidi. Kifaa kinachookoa dawa lakini kinakuchelewesha siku kumi kimekula faida yake.

Cha tatu ni gugu lenyewe. Ndago na sangari huishi chini ya ardhi. Ukiua majani bila dawa kufika kwenye vinundu na mizizi, vinarudi. Gugu karoti, lililosambaa sana kandokando ya barabara za Arusha, linaweza kutoa mbegu 15,000 hadi 25,000 kwa mmea mmoja, kwa hiyo mimea michache iliyokoswa na kamera mwaka huu ni tatizo la mwakani. Kiduha kwenye mahindi na mtama hunyonya mizizi ya zao kabla hakijachomoza juu ya udongo, hivyo kifaa chochote kinachosubiri kuona jani kitakuwa kimechelewa. Kwa kiduha, fikiria mbegu zinazostahimili na mzunguko wa mazao kwanza.

Vinavyobaki ni maji, majirani, fundi na fedha. Maji nayataja kwa msisitizo kwa sababu wenzetu wa Lolkisale na nyanda za chini za Monduli wanayafuata mbali, na kwa sababu maji yenye matope au chumvichumvi nyingi hudhoofisha glaifoseti, dawa inayoua karibu kila mmea wa kijani. Majirani ni wale wenye ngwara, mbaazi, alizeti, nyanya na mizinga ya nyuki: tone la 2,4-D likipeperuka hadi kwenye ngwara ya mtu, ugomvi wake hauishi kwa msamaha.

Bomba la mgongoni, kwa kuchagua

Wengi hawalihesabu bomba kama teknolojia ya kulenga. Mimi nalihesabu. Jicho la mtu mzoefu linatofautisha mche wa mtama na nyasi pori kuliko kamera nyingi, na mkono wake unafunga vali kwa wakati. Tatizo la bomba si usahihi wa kuona, ni usahihi wa kipimo.

*Dawa inayookolewa.* Kwenye shamba lenye vichaka vya magugu hapa na pale, bomba linaokoa kadiri nidhamu ya mpigaji inavyoruhusu. Lakini kipimo lazima kijulikane. Pima eneo la mita 10 kwa 10, jaza maji matupu kwa kipimo, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima kilichobaki. Ukitumia lita 2, zidisha kwa 40: ni lita 80 kwa ekari, yaani mabomba matano ya lita 16. Kama lebo inataka lita moja na nusu ya dawa kwa ekari, kila bomba linapata mililita 300. Mtindo wa kupima kwa kifuniko cha chupa "kadiri ya uzoefu" ndio unaofanya dawa ionekane feki wakati imepunjwa, na dawa iliyopunjwa mwaka baada ya mwaka hujenga magugu sugu.

*Magugu inayoyamudu.* Karibu yote, hata kwenye mseto. Mkulima wa Arumeru au wa nyanda za chini za Moshi mwenye mahindi na maharage mstari kwa mstari hawezi kupitisha atrazini wala 2,4-D juu ya shamba hilo, maana zitaondoka na maharage. Bomba lenye kikinga cha plastiki kuzunguka nozeli linaweza kupita kati ya mistari na kugusa gugu tu, mradi siku haina upepo na mpigaji hana haraka.

*Kasi na maji.* Mtu mmoja hufanya ekari mbili hadi nne kwa siku akipulizia eneo zima. Kwa madoa anaweza kwenda mbali zaidi. Maji ni mengi kwa ekari inayopigwa, lakini hapigi zote.

*Majirani.* Nozeli iko karibu na ardhi, kwa hiyo upeperushaji ni mdogo. Anayeumia ni mpigaji mwenyewe, anayetembea akiingia kwenye majani aliyoyalowesha. Buti, glavu, suruali ya juu ya buti na barakoa ni sehemu ya bei ya njia hii. Usiziondoe kwenye hesabu.

*Matengenezo na gharama.* Mipira ya kuzuia kuvuja, nozeli na mpini vinapatikana duka lolote la pembejeo. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne yenye sifa hii.

*Inamfaa* mwenye ekari chache, mwenye mseto, na pia mwenye shamba kubwa anayetaka kumaliza mabaki: gugu karoti lililoingia kona moja, sangari iliyoota chini ya mti, ndago kwenye njia ya maji.

Bumu la trekta lenye GPS

Hapa dawa bado inamwagwa eneo zima, ila mashine inajua imeshapita wapi. Bumu limegawanywa vipande, na kipande kikiingia sehemu iliyokwishapigwa, vali inajifunga. Hakuna kinachotazama gugu.

*Dawa inayookolewa.* Inategemea umbo la shamba. Kwenye mstatili safi utaokoa asilimia chache tu. Kwenye mashamba ya Magharibi Kilimanjaro na Karatu yenye pembe, makorongo na vilima vya katikati, kila ncha ya mwisho inapigwa mara mbili na dereva asiye na GPS; huko ndiko akiba inakoonekana, na ngano iliyoungua kwa kupigwa dozi mara mbili kwenye vichwa vya shamba inapungua. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kinyume chake: mistari iliyorukwa inakwisha. Ukitazama shamba la ngano kutoka mlimani mwezi mmoja baada ya 2,4-D, mistari ya kijani kibichi cha magugu inakuonyesha kila mahali dereva alipokadiria kwa macho.

*Magugu inayoyamudu.* Yale yanayouawa na dawa ya kuchagua kwenye zao zima: majani mapana kwenye ngano na shayiri, mchanganyiko kwenye mahindi ya peke yake. Kwa shamba lililojaa magugu sawasawa, hii ndiyo njia yenye mantiki.

*Kasi na maji.* Kasi ni kubwa, maji pia. Chukua nozeli ya njano namba 02 (rangi huonyesha ukubwa wa tundu): kwa presha ya bar 3 inatoa kama lita 0.8 kwa dakika. Nozeli zikiwa sentimita 50 kutoka moja hadi nyingine na trekta likienda kilomita 6 kwa saa, unapata lita 160 kwa hekta, yaani kama 65 kwa ekari. Ekari mia zinataka karibu lita 6,500. Panga boza kabla hujapanga trekta.

Na hapa nisisitize jambo ambalo halihitaji kununua chochote cha kisasa. Shikilia jagi la kipimo chini ya kila nozeli kwa dakika moja, bumu likiwa limesimama na presha ya kazi. Nozeli inayotoa zaidi ya asilimia 10 kuliko mpya imelika, itoe. Bumu lenye nozeli zilizochanganywa rangi, moja ya njano, mbili za bluu, moja iliyotobolewa kwa waya ilipoziba, halitasaidiwa na GPS yoyote. Usizibue nozeli kwa waya wala kwa mdomo. Tumia mswaki laini na maji.

*Majirani.* Bumu likiwa sentimita 50 juu ya gugu na matone yakiwa makubwa, upeperushaji unadhibitika. Kwenye miteremko bumu linayumba, upande mmoja unapanda hadi kifuani, na hapo upepo unachukua. Alasiri za Monduli zenye vumbi na upepo si za kupiga dawa. Wala si alfajiri iliyotulia tuli, pale moshi wa jikoni unapolala chini bila kupanda: matone madogo nayo yatalala hewani hivyohivyo na kusafiri pamoja na ukungu hadi kwa jirani.

*Matengenezo na gharama.* Mfumo wa GPS unaweza kufungwa kwenye bumu ulilonalo. Mawimbi ya bure yanaweza kuhama kwa mita kadhaa ukirudi siku nyingine. Usahihi wa sentimita chache unataka kituo cha RTK, yaani cha kusahihisha GPS, au huduma ya kulipia. Kwa kufunga vipande tu, huhitaji sentimita. Uliza mapema nani atabadilisha vali ya umeme ikikwama katikati ya msimu, na kama anaishi Arusha au anatoka nje ya nchi.

*Inamfaa* mwenye ekari mia na zaidi za zao moja, shamba lenye umbo gumu, magugu yaliyosambaa kila mahali, na mkandarasi anayepigia wengine dawa, kwa kuwa ramani ya mashine inathibitisha ekari alizopiga na kuondoa mabishano wakati wa malipo.

Bumu lenye kamera au vihisi

Hii ndiyo inayosifiwa zaidi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi, kwa sababu ni teknolojia mbili chini ya jina moja.

Ya kwanza huona kijani juu ya udongo. Kihisi kinamulika ardhi kwa taa yake; jani hai linameza mwanga mwekundu na kurudisha ule wa karibu na infraredi, udongo haufanyi hivyo, basi nozeli inafunguka kwa sehemu ya sekunde. Kwa kuwa taa ni yake, inafanya kazi hata usiku. WeedSeeker na WEED-IT ni za aina hii, na wakulima wa nafaka wa Australia wamezitumia kwa miaka mingi kwenye mashamba yaliyopumzishwa bila kulimwa. Haijui gugu, inajua kijani.

Ya pili huona kijani ndani ya kijani. Kamera inapiga picha, kompyuta iliyofundishwa kwa maelfu ya picha inaamua hiki ni zao na hiki ni gugu. John Deere waliinunua Blue River Technology mwaka 2017 kwa ajili hiyo, na See & Spray yao inafanya kazi kwenye mahindi, soya na pamba. Ecorobotix ya Uswisi nayo imejenga mashine yake, ARA, inayolenga kwa eneo dogo sana.

*Dawa inayookolewa.* Tufanye hesabu niliyoahidi. Una ekari 100 za kuandaa kabla ya kupanda, glaifoseti lita 1.5 kwa ekari: lita 150. Tuseme robo ya shamba ina magugu. Nozeli hufunguka kidogo kabla ya gugu na kufunga kidogo baada yake, hivyo eneo linaloloweshwa ni kubwa kuliko la magugu; liweke asilimia 40. Umetumia lita 60, umeokoa 90. Zidisha 90 kwa bei ya duka lako, kisha linganisha na kile mkandarasi anachoongeza kwa ekari juu ya bumu la kawaida. Sasa rudia hesabu magugu yakiwa asilimia 80 ya shamba: nozeli zitakuwa wazi karibu asilimia 95, na umeokoa lita nane hivi. Mashine ni ileile, shamba ndilo limebadilika.

*Magugu inayoyamudu.* Kihisi cha kijani juu ya udongo hakifai ndani ya zao. Kitapiga ngano yako bila huruma. Kamera ya kijani ndani ya kijani inategemea imefundishwa nini. Ikiwa imefundishwa mahindi ya Marekani yaliyopandwa mistari ya sentimita 75 na udongo safi katikati, uliza kwa upole lakini bila kuchoka: imeshawahi kuona mahindi yaliyo na maharage na maboga chini yake? Imeshaona ngano ya mistari ya karibu yenye ngano pori ndani? Majani mapana ndani ya ngano yanatofautishika. Nyasi ndani ya nyasi ni mtihani mgumu. Magugu yaliyochomoza jana, yenye majani mawili, yanaweza kuwa madogo kuliko uwezo wa kamera, au yakafichwa na jani la zao.

Kuna kitu kimoja cha nchi kavu ambacho maelezo ya kiwandani huwa hayakipi uzito: vumbi. Udongo mkavu wa Lolkisale ukitimuliwa na matairi, unatua juu ya majani yaliyo nyuma ya gurudumu sekunde chache kabla dawa haijafika. Glaifoseti hunaswa na chembe za udongo na kukosa nguvu. Wiki mbili baadaye unaona milia miwili ya magugu hai, upana wa tairi, kutoka mwanzo hadi mwisho wa shamba. Vumbi hilohilo linafunika lenzi. Mashine za kamera zinataka kutumika asubuhi mapema baada ya mvua ya kwanza, mwendo wa pole, na mtu wa kufuta lenzi kila anapojaza tangi.

*Kasi na maji.* Kasi ni ya bumu la kawaida au chini kidogo. Maji yanapungua kwa uwiano uleule na dawa, na kwa shamba la mbali na kisima faida hii inaweza kuzidi ile ya dawa.

*Majirani.* Dawa kidogo zaidi hewani kwa jumla. Kanuni za upepo hazibadiliki.

*Matengenezo na gharama.* Hii ndiyo ghali kununua kuliko zote, na kamera moja iliyokufa ina maana ya ukanda mmoja usiopigwa, pengine bila dereva kugundua. Usinunue kabla hujamjua fundi wake kwa jina. Kwa wenye moyo wa kutengeneza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney wametoa bure michoro na programu ya OpenWeedLocator, kihisi cha kijani juu ya udongo kinachotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Ni kazi ya kuwapelekea wahandisi vijana na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini pale Arusha. Natamani sana kuona toleo la nyumbani likijaribiwa kwenye mashamba yetu.

*Inamfaa* shamba kubwa linaloachwa bila kulimwa kati ya misimu, magugu ya madoa madoa, mwenye uwezo wa kukodi au kushirikiana na wenzake. Kwa mseto haifai kwa sasa.

Droni

Droni ya shamba inabeba tangi la lita 10, 20 hadi 40 au zaidi kutegemea aina, na tangi likiwa limejaa, betri yake hudumu dakika chache, chini ya kumi kwa kawaida. Kwa hiyo kikosi cha droni ni betri kadhaa, chaja, jenereta, maji na watu wawili angalau.

*Dawa inayookolewa.* Ikipulizia shamba zima, haiokoi dawa kwa ekari. Lebo ni ileile. Inaokoa pale ramani inapotangulia: droni ndogo inapiga picha, programu inaonyesha madoa ya magugu, halafu droni kubwa inapiga madoa hayo tu. Hatua ya ramani ndiyo inayolenga. Mtoa huduma asiye nayo anakuuzia kasi, na kasi ni kitu halali kununua, ila ujue unachonunua.

*Magugu inayoyamudu.* Inatumia maji kidogo sana, lita 10 hadi 20 kwa hekta. Dawa zinazosafiri ndani ya mmea, kama glaifoseti na 2,4-D, huvumilia hilo kuliko dawa za kugusa, ambazo zinataka jani liloweshwe lote. Hakikisha lebo inaruhusu kiasi hicho cha maji. Chini ya zao lililofunga majani, droni haifikii vizuri.

*Kasi na maji.* Hapa ndipo inapong'ara. Ekari 100 zinataka lita 400 hadi 800 za maji badala ya 6,500. Ardhi iliyolowa baada ya mvua ya siku tatu, trekta lisipoweza kuingia, droni inaingia. Mpunga wa Lower Moshi, majaruba yaliyojaa maji kuanzia Mabogini hadi Chekereni, hauna gurudumu linaloweza kupita bila kuharibu, na mtu mwenye bomba huzama hadi magotini.

*Majirani.* Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko njia zote nne. Mchanganyiko ni mkali kwa sababu maji ni machache, matone hutolewa mita mbili au tatu juu, na upepo wa mapanga unayasukuma pembeni. Katikati ya majaruba ya watu ishirini, au kando ya ngwara, acha ukanda wa kinga ambao unaukamilisha kwa bomba.

*Matengenezo na gharama.* Kurusha droni kunahitaji vibali, TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wakiwa wa kwanza kuulizwa. Ukanda wetu una viwanja vya ndege vya KIA, Kisongo na Moshi, pamoja na hifadhi za taifa pande zote. Si juu ya kila shamba droni inaruhusiwa kuruka. Mwombe mtoa huduma akuonyeshe vibali vyake kabla ya malipo ya awali. Mapanga na betri huisha. Mwenye kukodi hajali, mwenye kununua lazima ajali.

*Inamfaa* mpunga, shamba la mteremko mkali, shamba la mbali na maji, na kikundi cha wakulima wenye mashamba yanayopakana wanaoweza kukubaliana siku moja na dawa moja.

Kwa hali yako

Ukiwa na ekari tano za mahindi na maharage Arumeru au Hai, baki na bomba, nunua nozeli nzuri na kikinga, na weka akiba kwenye vifaa vya kumkinga mpigaji. Palizi ya kwanza kwa jembe bado ina nafasi yake, isipokuwa kwenye ndago, ambako jembe hukata na kusambaza.

Ukiwa na ngano au shayiri ekari mia mbili Karatu au Siha, na miraba yako imeonyesha magugu kila mahali, anza na GPS kwenye bumu ulilonalo na nozeli mpya zote kwa mkupuo. Misimu miwili ya dawa iliyopigwa sawasawa inaweza kugeuza shamba lililojaa kuwa shamba la madoa, na hapo kamera itaanza kuwa na maana kwako.

Ukiwa na eneo kubwa Monduli usilolilima kati ya misimu, magugu yako ya madoa na maji ni ya boza, tafuta huduma ya kihisi cha kijani juu ya udongo kabla ya kupanda. Isipopatikana, droni yenye ramani inakaribia matokeo hayo kwa shamba lisilo na jirani wa karibu.

Ukiwa mkulima wa mpunga Lower Moshi, zungumzeni kama skimu. Droni ya mmoja katikati ya majaruba ya wengine ni chanzo cha kesi. Droni ya kikundi, siku moja, asubuhi isiyo na upepo, ni nafuu kwa wote.

Kama tatizo lako ni gugu karoti lililoanza kuingia, usisubiri mashine yoyote. Piga au ng'oa kabla halijachanua, ukivaa glavu na mikono mirefu, kwani linawasha ngozi na kusumbua wenye pumu.

Dawa yoyote, kwa kifaa chochote, iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyorithi kazi za TPRI pale Ngaramtoni. Na kwa maswali ya aina ya gugu na hatua ya zao, watafiti wa kilimo wa TARI Selian wako karibu, waendee na mmea wenyewe mkononi. Tangi lililobeba 2,4-D lisafishwe pamoja na mipira na vichujio kabla halijaenda kwenye maharage.

Na unapokodi, iwe droni, kamera au trekta la jirani, mwambie mpigaji aache ukanda wa mita tano bila dawa, uuweke alama kwa vijiti viwili. Baada ya wiki tatu simameni hapo pamoja, tupeni mraba wa waya ndani ya ukanda na nje yake, mara kumi kila upande, ndipo mmalizane malipo yaliyobaki.